Nywele za Namba Sita

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mtunza uwanja alizima mashine ya kukatia nyasi hatua nne kabla ya kibendera cha kona, upande wa kulia wa lango la kaskazini, kwa sababu hapo ndipo nyasi zilipoishia na nywele zilipoanzia. Akaiacha mashine ipoe, akajipangusa jasho kwa mgongo wa mkono, akaenda stoo kuchukua kigoda na ndoo ya maji. Kigoda kilikuwa cha Mama Sita, na Alhamisi Mama Sita hakuwa mtu wa kuchelewa.

Zilikuwa nywele za mtu, nyeusi, za kipilipili, zimeota kwa wingi kwenye eneo lenye ukubwa wa meza ya watu wanne. Zilianza kuota miaka kumi na sita nyuma, wiki saba baada ya kufariki kwa kiungo wa timu aliyekuwa akivaa jezi namba sita, na tangu hapo hazijaacha. Chama cha mpira kilimtuma mwamuzi kuja kuzikagua. Alifika na rula na kitabu cha sheria, akakaa kwenye benchi la akiba na kukisoma kitabu chote, akaona kinazungumzia nyasi, matope, maji na barafu, lakini nywele hakuna mahali zilipokatazwa. Akapima, akaandika kwenye fomu: "Sehemu ya kuchezea: nywele, sentimita kumi na moja, safi." Fomu hiyo ilikuwa bado ofisini kwa katibu, ndani ya faili la uwanja, kati ya mchoro wa mabomba na barua ya kuomba nyavu mpya.

Mama Sita aliingia kwa mlango mdogo wa pembeni, akavua viatu kwenye mstari wa pembeni kama afanyavyo siku zote, akavuka miguu mitupu.

"Umeamkaje, dada?" mtunza uwanja alimwuliza.

"Nimeamka, mdogo wangu. Ni haya magoti tu."

Akakaa kwenye kigoda, akatoa kitana cha mbao na chupa ya mafuta, akaanza kuzigawa nywele mafungu mafungu. Alizichana kuanzia nchani kuja chini, taratibu, akishika shina kwa vidole ili zisivutike. Mtunza uwanja, ambaye watu wote walimwita Nyasi mpaka mkewe akasahau jina lake la kwenye kitambulisho, alimwekea ndoo karibu na kutaka kuondoka.

"Njoo uone," Mama Sita alisema.

Nyasi akainama.

"Mvi," alisema mama. "Tatu. Mwezi ujao mwanangu angetimiza thelathini na tisa. Baba yake naye zilimwanza mapema."

"Eh," alisema Nyasi.

Mama Sita hakuwahi kumwuliza kitu, miaka yote kumi na sita, na hilo ndilo lililomfanya Nyasi kila Alhamisi akumbuke kazi fulani ya haraka upande wa pili wa uwanja.

Wiki hiyo mji mzima ulikuwa unagombana. Klabu ilikuwa imemaliza kujenga jukwaa jipya la mashariki na ilitaka kulipatia jina, na mashabiki wangekutana Jumapili kuchagua kati ya makocha wawili. Wa kwanza alikuwa Chuma, aliyeifundisha timu miaka mingi na kustaafu na makombe matatu. Wa pili alikuwa Daftari, aliyemrithi Chuma, akakaa misimu minne bila kombe lolote, na alikuwa ameondoka mwezi uliopita kwa gari la jirani yake, akiwa na masanduku mawili na mti wa ndimu kwenye kopo.

Kijiwe cha mashabiki kilikuwa nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, na kazi ya kukiongoza aliifanya mwenye bucha aliyeitwa Kipaza, kwa kuwa hakuhitaji kipaza sauti. Anayebishana naye siku zote alikuwa mwuza dawa, mtu mwembamba wa maneno ya kupimwa, waliyemwita Vidonge. Walikuwa wamesoma pamoja, wameoa mwaka mmoja, na hawakuwahi kukubaliana jambo.

"Makombe ya Chuma, mangapi?" Kipaza aliuliza Alhamisi hiyo, sauti ikipita juu ya ukuta mpaka kwenye kona. "Matatu. Ya Daftari? Sifuri. Hii ni hesabu ya chekechea, Vidonge."

"Na misimu minne ya Daftari, mchezaji aliyelazwa hospitali ni nani?"

"Hatuko hapa kusoma takwimu za zahanati."

"Nitajie mmoja."

"Nitakutajia dakika ya themanini na nane," alisema Kipaza, na kijiwe kizima kikaguna, kwa sababu dakika hiyo kila mtu aliijua.

Nyasi aliijua kuliko wote. Enzi za Chuma, nywele zilinyolewa kila siku ya kuamkia mechi. Mwanzoni alizikata kwa mashine ya nyasi, lakini zilijisokota kwenye visu na kuizima, ndipo klabu ikanunua mashine ya kinyozi na waya mrefu wa umeme kutoka vyumba vya kubadilishia nguo. Chuma mwenyewe alikuja kukagua. Alipitisha kiganja, na akikuta zinachoma alisema, "Rudia." Hakuwahi kuuliza ni za nani.

Daftari aliuliza siku ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi mwenye daftari mfukoni, na kila asubuhi aliwauliza wachezaji mmoja mmoja walilalaje, akaandika. Aliweka madumu ya maji kwenye kona zote nne. Alichuchumaa kwenye nywele, akazigusa kwa ncha ya kidole.

"Za nani hizi?"

"Za namba sita," alijibu Nyasi.

"Alifia hapa?"

"Alifia kambini. Usingizini."

Daftari aliandika kitu, akasema, "Msizinyoe tena."

Basi hazikunyolewa. Wachezaji walifundishwa kuzizunguka. Upande wa kulia timu ilishambulia kwa kupinda, na wapinzani walilisoma hilo mapema. Daftari alimaliza wa nne, kisha wa pili, kisha wa tatu, na msimu wa mwisho alifika siku ya mwisho akihitaji sare tu ili achukue ubingwa. Dakika ya themanini na nane, mabao yakiwa moja kwa moja, winga wa kulia alisahau kupinda. Mpira ukaingia kwenye nywele ukalala humo. Alipojaribu kuutoa, njumu zikanasa. Wapinzani wakauchomoa, wakaupiga mbele, na sekunde kumi na moja baadaye ulikuwa wavuni upande wa pili.

Kamati ilimpa masharti: anyoe, au aende. Siku ya kuondoka alipita stoo kuaga.

"Kila niliyemwuliza ameniambia alifia kambini," alimwambia Nyasi. "Hata wewe."

"Ndivyo ilivyoandikwa, kocha."

"Najua ilivyoandikwa. Ningempata mtu mmoja tu wa kusimama nami mbele ya kamati, ningebaki."

Hakusema kwa hasira. Alimpa mkono, akamwuliza mgongo wake unaendeleaje, akaenda zake. Nyasi alikaa juu ya mfuko wa chokaa mpaka jua likahama mlangoni.

Jumamosi mchana Kipaza alimfuata Nyasi alipokuwa anapaka mistari.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Kesho nakuhitaji. Watu wa Vidonge wanaeneza kwamba Chuma alikuwa mtu mkatili, hana utu. Sasa mimi nataka kuwakumbusha kombe la kwanza. Kijana amelala kambini hakuamka, siku mbili kabla ya fainali, na Chuma amelia redioni mpaka mtangazaji naye akalia. Wewe ulikuwepo siku hizo. Utasimama tu useme, 'Ndiyo, Chuma alimpenda yule kijana.' Sentensi moja."

"Mimi si mtu wa kusema kwenye mikutano."

"Ndiyo maana watakuamini," alisema Kipaza, akampiga bega kwa upendo. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ambao mke wa Nyasi alivunjika nyonga, Kipaza ndiye aliyempakia kwenye gari lake la nyama akampeleka hospitali, akiendesha polepole barabara nzima huku akilaani mashimo.

Nusu saa baadaye akaja Vidonge, naye akataka asimame aseme jinsi Daftari alivyowajali wachezaji. Nyasi akamwambia hivyo hivyo, kwamba yeye si mtu wa mikutano. Alipomaliza mistari akaona ule wa kona ya kaskazini ameupinda. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano.

Jumapili asubuhi mkewe alimpigia pasi shati jeupe. Nyasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na fulana, mikono katikati ya magoti.

"Usiende," alisema mkewe.

"Nitaenda."

"Basi ukienda useme. Mimi nimechoka kulala na mtu anayejigeuza usiku kucha kama anatafuta upande wa baridi wa godoro." Akageuza shati, akapiga pasi kola. "Siku ile ulirudi na miguu mitupu. Nilikuuliza viatu viko wapi, ukasema umevisahau. Mtu hasahau viatu, baba. Sikukuuliza tena kwa sababu uliniangalia vibaya."

Nyasi alivaa shati likiwa bado na joto. Viatu alikuwa amemvika yule kijana. Njumu za kijana zilikuwa zimevuliwa, na Nyasi hakutaka apakiwe kwenye gari miguu ikiwa wazi.

Ukumbi ulikuwa chini ya jukwaa la zamani, chumba kirefu chenye dari linaloshuka ngazi ngazi, viti vya plastiki, na feni moja inayolia kila inapozunguka. Walikuja watu mia moja na hamsini na kitu. Mlango wa kuingilia uwanjani uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na kupitia hapo mtu aliyekaa safu za mbele aliweza kuona kona ya kaskazini. Mwenyekiti wa klabu alikaa mezani na katibu wake. Mama Sita aliingia watu wakiwa wameshakaa, akachukua kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Wachache walimsalimia. Wengine waligundua kitu cha kuangalia kwenye simu zao.

Saa nzima walibishana. Vidonge alisoma kutoka kwenye karatasi: majeruhi wa kila msimu, vijana wangapi walipandishwa kutoka timu ndogo, maji kwenye kona. Alisoma vizuri, lakini makombe hayakuwemo kwenye karatasi yake, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi mtu wa nyuma alisema, "Sifuri." Watu walicheka mara ya kwanza. Mara ya tano hawakucheka tena, na mashabiki wawili wa safu ya kati walisimama wakashikana mashati, wakatenganishwa, wakakalishwa viti vya mbalimbali.

Kisha akasimama Kipaza.

"Mimi sina karatasi," alisema. "Nina kumbukumbu. Nakumbuka tulivyokuwa timu ya kuchekwa. Baba yangu alikufa bila kuliona kombe. Akaja Chuma. Na nakumbuka wiki ile. Kijana wetu, kiungo, namba sita, amelala kambini hakuamka. Chuma angeweza kusema fainali iahirishwe. Akasema tunamchezea yeye. Tukashinda. Nililia siku ile kwa furaha na kwa huzuni, kwa jicho hili na hili. Mnaosema Chuma hakuwa na utu, namwomba mzee Nyasi asimame, aliyekuwepo. Mzee, sema tu."

Vichwa vikageuka. Nyasi akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake, na mwenye kiti akasogea kidogo kumpa nafasi.

"Hakufa kambini," alisema.

Feni ikalia, ikazunguka, ikalia tena.

"Alikufa pale." Akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Mazoezini. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Alikuwa na homa tangu jana yake, akaomba apumzike. Chuma akamwambia fainali haina homa. Walikimbia bila maji, kwa sababu Chuma aliona maji yanawalegeza. Kijana akaanguka pale kwenye kona. Wenzake wakataka kumwinua, Chuma akasema asiguswe, anaigiza, atainuka mwenyewe. Wakaanza mazoezi ya kona. Kona ile ile. Walipiga kona dakika arobaini, yeye yuko chini. Walipomaliza alikuwa hayupo tena."

Nyasi akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma mita ya maji.

"Tulimpakia kwenye gari la vifaa, tukampeleka kambini, tukamlaza kitandani kwake, tukamfunika. Usiku ndipo wakaita daktari. Kesho yake wakanipa karatasi inayosema nilimwona anatoka uwanjani kwa miguu yake, mzima. Nikaweka sahihi."

"Uliweka sahihi," alisema mwenyekiti.

"Niliweka."

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya wakati ule, au unadanganya sasa hivi?"

"Wakati ule."

Mwenyekiti akamwangalia katibu. Katibu alikuwa ameinua kalamu, hajaishusha.

"Mzee wangu," alisema Kipaza. Kwa mara ya kwanza ilibidi watu watege masikio kuisikia sauti yake. "Mimi nilikuomba sentensi moja."

"Ndiyo hizo nilizokuwa nazo."

Kipaza alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Alionekana kama mtu aliyebebeshwa mzigo barabarani na mwenye mzigo akatokomea. "Sawa," alisema hatimaye. "Sawa. Lakini kombe tulilichukua. Hilo nalo ni kweli, au si kweli?"

"Ni kweli," alisema Nyasi.

Watu wakamwangalia Vidonge, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Vidonge akakunja karatasi yake mara mbili, akasema upande wake unampa mzee pole, ila ungependa jambo hilo lisichanganywe na hoja iliyopo mezani, isije ikaonekana wanatafuta kura za huruma. Alisema bila kumtazama Nyasi. Kisha akakaa.

Mama Sita akasimama. Alichukua muda, kwa sababu ya magoti.

"Nina maswali mawili," alisema, na hakuuliza kama anaruhusiwa. "Mdogo wangu, hizo kona walizokuwa wanapiga. Mpira ulimgonga?"

"Mara mbili, dada. Begani. Na hapa." Nyasi akagusa shavu lake mwenyewe.

"Aliita mtu?"

"Aliomba maji."

"Ulimpa?"

Hilo lilikuwa la tatu, lakini hakuna aliyehesabu. Nyasi alishika kiti mpaka plastiki ikalia.

"Nilikuwa nimeshika ndoo," alisema. "Chuma aliniangalia. Nikasimama pale pale na ndoo yangu."

Mama Sita akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu, kama anayepokea maelekezo ya njia. Akakaa. Akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

"Mkutano umepokea," alisema mwenyekiti. "Kama hakuna mchango mwingine, tupige kura."

Walipiga kwa kunyoosha mikono. Chuma alipata mia moja na tisa, Daftari thelathini na nane. Wachache hawakunyoosha, na Nyasi alikuwa mmoja wao, na Mama Sita mwingine. Vidonge alimpongeza Kipaza kwa mkono, na Kipaza akaupokea. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: "Mtunza uwanja alichangia."

Walipotoka nje walikuta nywele zimefika kwenye nukta ya penalti. Zilikuwa zimefunika eneo lote la hatari la kaskazini, zimepanda mpaka magotini, nyeusi zikiwa na mvi hapa na pale, na upepo ulipopita zilitikisika polepole kuliko nyasi. Mashabiki walisimama kwenye mstari wakitazama. Mmoja alipima kwa macho akasema ni hatua ishirini kasoro. Mwingine akasema Jumamosi wana mechi. Wakazizunguka kwa nyuma ya lango, mmoja mmoja, wakishikilia nguo zisiburuzike juu yake, wakatoka getini, na walipofika kivulini kwenye kijiwe mjadala ukaanza tena, kwanza kwa chini.

Mama Sita alibaki. Nyasi alimletea kigoda, akakiweka chini, akabaki amesimama mbele yake.

"Nilijua alifia hapa," alisema Mama Sita. "Mtu haoti mahali asipokuwepo. Nilikuwa nasubiri wewe."

"Nisamehe, dada."

"Bado." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeulizwa kama chai imeiva. "Ndoo ile sikuijua. Hiyo itanichukua muda."

Jumatatu akafika kocha mpya, kijana kuliko waliomtangulia, mwenye filimbi mbili shingoni. Alitembea uwanja mzima na mwenyekiti, akasimama kwenye nywele.

"Hizi?"

"Za namba sita," alisema Nyasi. "Alifia hapa, mazoezini. Aliachwa juani."

Mwenyekiti alikohoa. Kocha mpya alimtazama Nyasi, akamtazama mwenyekiti, akatazama nywele. Kuzinyoa lilikuwa sharti la kwanza kwenye mkataba wake, na alikuwa ameshausaini.

"Pole sana," alisema. "Ijumaa ziwe fupi."

Nyasi alisema hatazinyoa bila Mama Sita kujua. Mwenyekiti akasema mama anaweza kujua, hakuna tatizo, mradi Ijumaa ziwe fupi, na kwamba asipotaka yeye wapo vijana wengi wanaotafuta kazi. Alimkumbusha pia ile karatasi, kwamba sahihi iliyomo ni yake peke yake.

Jioni hiyo Nyasi alikwenda kwa Mama Sita, chumba na sebule nyuma ya duka la vioo. Hakukaribishwa kukaa, akaeleza akiwa mlangoni. Mama Sita alikuwa anachambua mboga kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza.

"Mashine ile ya nyasi?"

"Ya kinyozi, dada. Ile ya zamani."

"Ina makali?"

"Nitaipeleka ikanolewe."

"Akija mtu mwingine atazivuta," alisema, kama anajisemea. "Hawajui zinavyoota. Zinalala upande." Akainua ungo. "Nitakuja mwenyewe."

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuja na shuka kuukuu na mkasi. Walianzia kwenye nukta ya penalti wakirudi nyuma kuelekea kona. Mama Sita alikata zile ndefu kwa mkasi, fungu kwa fungu, akaziweka kwenye shuka, na Nyasi akafuata nyuma yake kwa magoti, mashine mkononi, waya ukiburuzika kutoka vyumba vya kubadilishia nguo. Jua lilipanda. Saa tano Nyasi akaenda kuchota maji, akampa Mama Sita kikombe, na Mama Sita alikitazama kikombe kile kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Alikunywa nusu. Nusu nyingine akaimwaga pale chini, kwenye ngozi ya ardhi iliyonyolewa, ikanywewa mara moja.

Saa saba walifika kwenye kona, mahali zilipoanzia.

"Hapo pole pole," alisema Mama Sita. "Hapo ni kisogoni. Tangu mdogo alikuwa hapendi kuguswa kisogoni. Nilikuwa namwimbia kwanza."

Nyasi akapunguza mwendo wa mashine. Mama Sita aliweka kiganja chini, kando ya mashine, akakiacha hapo, na midomo yake ilitembea, lakini alichokiimba kilikuwa kidogo mno kusikika na mtu mwingine. Nywele zikatoka vizuri, bila kuvutika. Alipomaliza, Nyasi akapitisha kiganja naye. Palikuwa na joto, joto la kawaida la mtu mzima asiye na homa.

Mama Sita alifunga shuka kwa fundo, akaliweka kichwani. "Wiki ijayo?" aliuliza.

"Mechi ni Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi."

"Saa tatu?"

"Saa tatu, dada."

Akachukua viatu vyake mstarini, akatoka kwa mlango mdogo.

Nyasi alianza kukusanya waya. Upande wa mashariki fundi wa rangi alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, akiandika jina la Chuma kwenye paji la jukwaa jipya kwa herufi nyekundu zinazozidi kimo cha mtu. Alikuwa amefika herufi ya mwisho. Alishuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, hakuridhika na jicho lake, akaita ng'ambo ya uwanja.

"Mzee! Wewe uko mbali, unaona vizuri. Zimenyooka?"

Nyasi akainuka, waya ukiwa begani. Akaziangalia moja moja, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa jicho la mtu aliyechora mistari miaka ishirini na mitano.

"Zimenyooka," alisema, kwa sababu zilikuwa zimenyooka.